Ilarie kwenye Karatasi ya Marehemu

Padri alikuwa amefika katikati ya majina ya marehemu nilipomsikia akisoma, kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka, "Ilarie." Vichwa vikageuka. Katika mji wetu wa mgodi, Ilarie alikuwa mmoja tu.

Kosa lilikuwa langu. Kila Jumapili tunampa padri karatasi mbili: moja ya walio hai, na nyingine, iliyochorwa msalaba juu, ya waliokufa. Siku ile nilitaka rafiki yangu aombewe safari njema, nikamwandika chini ya jina la mama yangu, na mama yangu yuko kaburini miaka thelathini. Shule niliisoma vipande vipande, kati ya zamu na zamu za mgodini, lakini msalaba naujua. Miwani niliiacha nyumbani, basi.

Ilarie Buzdugan alikuwa kiungo wa timu yetu ya mpira kwa misimu kumi na miwili. Mbio hakuwa nazo. Alisimama katikati ya uwanja kama mtu anayesubiri basi, na mpira ukimfikia ulikuwa umeshaondoka, kwenda mahali ambapo mshambuliaji mwenyewe bado hajajua kwamba anakwenda. Kisha, mechi ya mwisho ya mwaka tisini na saba, akakosa penalti, tukashuka daraja. Mwaka huohuo mgodi ukafukuza nusu ya watu. Kichwani mwake mambo hayo mawili yakawa kosa lake moja. Tangu hapo aliwakwepa watu, na sasa alikuwa anahamia Torino, Italia, kwa binti yake, kimyakimya, akiamini hakuna atakayemkosa.

Nilipofika kwake jioni hiyo, kupitia mlango wa nyuma, langoni watu walishajaa na skafu za timu na mishumaa. Ilarie alikuwa amejificha nyuma ya pazia.

"Wamekuja kunifanya nini?"

Nikamweleza. Akaniita punda, taratibu, bila hasira.

Dirisha lilikuwa wazi kidogo. Huko nje walibishana kuhusu bao fulani la mvuani, kama alifunga kwa mguu wa kushoto au wa kulia, na kila mmoja aliapa alikuwa nyuma ya goli. Kijana mmoja akaitaja penalti. Gherasim, ambaye alifukuzwa kazi mwaka ule na hakupata nyingine, akamjibu:

"Alikosa, ndiyo. Nani mwingine aliutaka ule mpira? Kumi wote walikuwa wanatazama viatu vyao."

Ilarie akaliachia pazia. Kisha akaenda kufungua mlango.

Watu walijifanyia ishara ya msalaba. Bibi Veturia, aliyekuja na bakuli la koliva, ile ngano tamu ya matanga, alimkagua juu hadi chini.

"Marehemu, una njaa?"

Akakaa kwenye ngazi, akala matanga yake mwenyewe, akasema kokwa za jozi zilizotiwa ni chache. Gherasim akakaa kando yake.

"Ungepiga kushoto, mjinga wewe."

"Nilijua kabla mguu haujaugusa mpira."

Jumatatu alimpigia simu binti yake. Nilimsikia akisema atakwenda kwake Krismasi, wiki mbili tu, na kwamba hapana, hajafa, asiamini kila anachoambiwa.