Minji za Mzee Obonyo

Milcah alikuwa na baba aliyevaa hereni. Jambo hilo halikumsumbua mpaka alipotaka kuolewa.

Baba huyo aliitwa Taprandich. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mwenye ng'ombe wa kutosha, na kwa desturi ya Wakipsigis mwanamke kama yeye aliweza kutoa mahari akaoa mke. Akamwoa mama yake Milcah. Tangu siku ile hakuteka maji wala kushika mwiko. Alivaa koti la jeshi, akakaa upande wa wanaume kwenye baraza, na watoto waliozaliwa mle wakamwita baba. Hapo Rongai hakuna aliyeshangaa. Mgeni akishangaa, Taprandich alimkazia macho mpaka mwenyewe akumbuke kwamba ana safari.

Omolo, kijana wa reli pale Nakuru, alielezwa yote akacheka tu. Taabu ilikuwa baba yake mdogo, Mzee Obonyo, mzee wa kanisa, ambaye ng'ombe wa mahari walikuwa mikononi mwake. Bila neno lake hakuna harusi. Omolo alijaribu kumweleza wakiwa kwenye gari moshi, lakini mzee akadhani ni utani wa vijana.

Walifika Jumamosi moja ya mwaka wa hamsini na sita. Taprandich alikuwa amesimama langoni kuwapokea. Mzee Obonyo akamkabidhi mwavuli wake, akamwomba amwitie mwenye nyumba.

"Mwenye nyumba ni mimi," akasema Taprandich.

"Mama, sikuja kuzungumza na wanawake. Nitamngoja mwanamume."

Milcah aliyasikia hayo akiwa mlangoni. Mgeni akiondoka, ndoa imekwisha. Baba akikasirika, imekwisha vilevile, na vidole vya baba vilikuwa vimeanza kuukaza ule mwavuli. Lakini msichana huyo alikulia katika nyumba ambayo watu waligombana uani kila juma wakitafuta hukumu, naye alimwona baba yake akimpa kila mwenye hasira kitu cha kushika: ndama, mtoto mchanga, hata kuku. Mtu mwenye mikono iliyojaa hapigani.

"Ni sawa, mzee," akasema kwa adabu. "Ila kwetu, mgeni akikuta nyumba haina mwanamume, hukaa jikoni na wanawake mpaka mwanamume aje."

Desturi hiyo haikuwepo popote duniani. Aliitunga palepale. Taprandich aligeukia ng'ombe akakohoa kwa muda mrefu.

Basi Mzee Obonyo akaketishwa kwenye kigoda kifupi, magoti karibu na kidevu, moshi ukimwingia machoni, na kikapu cha minji juu ya suti yake ya kanisani. Alimenya kwa heshima. Omolo alijificha nyuma ya ghala, amejiziba mdomo.

Kutoka pale jikoni mzee aliona uani vizuri. Alimwona jirani, Kimaiyo, akivua kofia mbele ya Taprandich na kueleza habari ya fahali aliyevunja ua. Aliwaona ndugu wawili wakija wametengana kama paka na mbwa, wakaondoka wakipokezana kibuyu kimoja. Wote walisema baba hivi, baba vile.

"Huyo mwanamume atakuja lini?" akauliza mwishowe.

"Alishafika, mzee. Ana shughuli."

Minji zikaisha. Milcah akamletea kikapu cha pili, kikubwa zaidi. Mzee Obonyo alikitazama, akamtazama msichana, akatazama uani tena.

"Binti," akasema kwa sauti ya chini, "mwambie baba yako nimefika."

Taprandich alimwacha angoje kidogo zaidi, kwa sababu hakuwa malaika. Kisha akamkaribisha upande wa wanaume, akamwekea maziwa ya kibuyu. Kufikia saa kumi ng'ombe walikuwa wamekubaliwa, na wazee hao wawili walikuwa wakiwalaumu vijana wa siku hizi kwa pamoja.

Omolo aliingia jikoni akaketi kwenye kile kigoda. Alimtazama Milcah kama mtu aliyenunua paka akaambiwa ni chui.

"Kwetu sisi," akauliza, "mwanamume atakuwa nani?"

Milcah aliinamisha kichwa, akakoroga chungu kwanza.

"Tutapokezana," akasema. "Siku za mvua utakuwa wewe. Mimi matope siyapendi."