Reli ya Baba Mkubwa

Baba Mkubwa Mramba hakuniita kwa mapenzi. Aliniita kwa sababu maseremala wawili wa Malindi walikuwa wameshamkimbia, nami nilikwenda kwa sababu mama aliniomba. "Ni ndugu wa marehemu baba yako, Kabibi," alisema. Mama yangu, Sidi, ni mwepesi wa kusamehe. Mimi sikuzaliwa na kipaji hicho.

Kazi yenyewe ilikuwa kichekesho. Mzungu mmoja aliyehama Malindi alimwachia mzee treni ya kuchezea, ya umeme, pamoja na reli zake. Mzee akaiweka juu ya meza iliyojaa sebule nzima nyumbani kwake Malindi, akataka nimjengee kwa mbao Kakuyuni yetu yote, kijiji ambacho hakijawahi kuona reli. Nikachonga kanisa kwa vipande vya mwembe. Nikajenga kisiagi cha mahindi, bati la paa lake nikalikata kwenye mkebe wa soda. Makuti ya duka la Thoya niliyafanya kwa chelewa za ufagio, nikizibandika moja moja kwa gundi hadi shingo ikaniuma.

"Kanisa limeinama kama mlevi," akasema mzee.

"Ndivyo lilivyo. Ungekuwa unakwenda kusali ungelijua."

Akanikata jicho. Hizo ndizo zilikuwa salamu zetu kila siku.

Asubuhi moja nikamkuta amechora mraba kwa chaki karibu na kisiagi. "Hapa nataka kituo cha treni. Kikubwa, chenye saa mbele."

Nikapima kwa macho: kisiagi, mwarobaini, njia ya kisimani. Pale ndipo ilipo nyumba ya mama.

"Na nyumba yetu?"

"Ipi? Kile kibanda?" Hata hakuinua uso. "Jumamosi anakuja mnunuzi wa shamba, anataka kujenga hoteli. Akikiona kituo, atavutiwa. Mama yako tutamtafutia chumba mjini."

Hati ya shamba ina jina lake, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa. Mama hana karatasi yoyote. Ana nyumba, na kando ya nyumba ana kaburi la mumewe.

"Na kaburi la baba je?"

"Halina saruji, halina msalaba, nyasi zimelimeza. Mnunuzi ameshauliza, nimemwambia halipo. Nani anunue shamba lenye kaburi? Wewe funga mdomo ujenge."

Nilitamani kumrushia patasi. Kisha nikaenda kujenga.

Kituo nilikijenga kizuri, nikakipiga msasa mpaka kikateleza, nikakitia na saa. Sakafu tu ndiyo sikukiwekea. Nilikifanya kiwe kifuniko, na penye mraba wa chaki nikagundisha vitu viwili ambavyo mzee hakuniagiza.

Jumamosi akaja Bi Cherop, mama wa makamo mwenye viatu vya vumbi na maswali mengi. Baba Mkubwa akawasha treni. Ikapita kanisani, ikapita dukani kwa Thoya, na mzee akatabasamu tabasamu ambalo sisi hatujawahi kuonjeshwa.

"Penye kituo ndipo patakapokuwa na hoteli yako," akasema. "Shamba tupu kabisa."

"Hakuna watu wanaishi hapo? Hakuna kaburi?"

"Hata moja."

Nikanyoosha mkono, nikakiinua kituo kama mfuniko wa sufuria.

Chini yake palikuwa na nyumba ya mama: fito za mvinje nilizozikandika udongo wa kwetu, mlango wa buluu, hata kigoda chake kibarazani. Kando yake tuta dogo lenye msalaba wa mbao ya mbambakofi, na juu ya msalaba jina nililoliandika kwa msumari wa moto: NGUMBAO. Treni ikapita mbele ya nyumba na kaburi.

"Huyu ni nani?" Bi Cherop akauliza.

"Baba yangu. Ni mdogo wake huyu mzee, tumbo moja. Na mama yangu yuko humo ndani ya nyumba hivi sasa. Nenda Kakuyuni utamkuta anapika."

Bi Cherop akamgeukia Baba Mkubwa. "Mzee, nimekuuliza mara mbili." Akachukua mkoba wake, akatoka. Nikasikia tuktuk ikiwaka nje.

Baba Mkubwa akanigeukia. "Mwana wa laana!" akanguruma, akaiponda nyumba ya mama kwa ngumi ikawa vijiti. Sikushtuka, maana ile ya kweli bado ilikuwa imesimama. Akainua ngumi tena, safari hii juu ya kaburi. Ikabaki pale pale hewani. Macho yake yakanasa kwenye jina la mdogo wake, ngumi isishuke.

"Piga," nikamwambia. "Si ulisema halipo?"