Jembe la Bibi Teodora

Inatangazwa rasmi kwa umma wote kwamba Chumba cha Zana za Kale cha shule yetu kimefunguliwa. Zamani kilikuwa stoo ya maharage, na wadudu bado hawajahama.

Kidato cha pili tulipewa kazi ya kutambua kila zana na kuibandikia kibao cha jina na matumizi. Wendelin aliitambua nyengo, panga fupi lenye ncha iliyopinda, la kufyekea. Jembe lililolika hadi kubaki upana wa kiganja liliandikiwa: "Mwiko wa kupakulia ugali wa jeshi."

Jioni, wakati wa usafi, Bibi Teodora aliingia. Alikufa sisi tukiwa chekechea. Tukasema shikamoo, akaitikia marahaba. Akasoma kibao, akachukua jembe lake na ile nyengo, akaenda uwanja wa mpira.

Kukata nyasi ni kazi ya wanaume, lakini yeye alikufa mjane, akafanya yote. Alikata nyasi, akazilaza kwa miraba, akazifukia kwa udongo, na katikati ya kila mraba akaacha shimo. Ndizo ngoro zetu Wamatengo. Kesho yake alirudi. Nusu ya uwanja ikawa shamba, na mechi zikaendelea. Mpira ukitumbukia shimoni, ilikuwa kona.

Benadetha, binti yake, akaja kwa bodaboda kutoka Mbinga.

"Shikamoo, mwalimu. Mama ameonyesha mpaka. Hapa ndipo shamba letu lilipokuwa, kabla shule haijalichukua baba alipofariki. Nalitaka."

Mwalimu mkuu aliita kamati. Mzee Pankras, mwenyekiti, akapita akiingiza mkono ndani ya matuta. Yote yalikuwa na nyasi, isipokuwa ya shimo moja karibu na goli. Pale palikuwa na udongo mtupu.

"Hili ni la mwanafunzi," akasema. "Mmatengo gani anafukia udongo juu ya udongo?"

"Basi yote ni ya wanafunzi," mwalimu mkuu akasema, akashusha pumzi. "Utundu tu."

"Lakini mama si yule pale analima!"

Kamati ikageuka. Bibi Teodora alikuwa analima.

"Tunamwona, mwanangu," Mzee Pankras akasema kwa upole. "Ila kamati imeshaamua."

Bibi akafika kwenye shimo lile la goli. Akalitazama kama mtu anayetazama ugali mbichi. Akalibomoa, kisha akaninyooshea kidole katikati ya wenzangu.

"Wewe wa mwiko. Njoo."

Nikakiri mbele ya wote. Shimo lilikuwa langu, nililichimba ili golikipa wa kidato cha tatu atumbukie. Kibao pia kilikuwa changu. Mashimo mengine sikuyagusa.

Uamuzi haukubadilika. Mimi nilipewa adhabu: kila jioni nakata nyasi na kuzilaza, Bibi anafukia nyuma yangu. Benadetha husimama barabarani akitutazama. Mlinzi ameambiwa asimfungulie geti.