Dole Lenye Kovu

Sufuria kubwa ya akina mama wa mtaa wa Mabawa ilipotea zikiwa zimebaki siku tano Maulidi yasomwe, na macho yote yakamgeukia Saleha. Yeye ndiye mpishi, yeye ndiye mwenye ufunguo wa stoo. Kweli kioo cha dirisha kilikutwa kimetolewa kizima na kuegemezwa ukutani, lakini Asmahani, mwenyekiti wao, hakushawishika.

"Mwenye ufunguo hashindwi kusingizia dirisha," alisema. "Mwizi asipopatikana, Maulidi atapika mwingine."

Saleha aliingia ndani. Alisali adhuhuri, akamwomba Mola amsitiri na aibu, kisha akarudi barazani kwa wenzake.

Hapo alimkuta Edgar, polisi mtaalamu wa alama za vidole. Alikuwa ameshapata kwenye kile kioo alama ya dole gumba, safi, yenye kovu katikati.

"Shikamoo mama. Naomba dole."

"Marahaba mwanangu. Utajichosha bure."

Edgar akalichovya kwenye wino, akalibonyeza karatasini. Likatoka doa tupu. Akarudia, doa lilelile.

"Mama, mistari yako imekwenda wapi?"

"Imekwenda na makumbi ya nazi. Miaka thelathini nasokota kamba. Siku ya kuandikishwa kitambulisho mashine ilinikataa mara nne, nikalia njia nzima."

"Basi leo usilie. Aliyeshika kioo hiki mistari yake imejaa tele. Si wewe."

"Alhamdulillahi," Saleha alinong'ona, akivitazama vidole vyake kama vya mgeni.

"Haya, wengine," Edgar akaita.

Sabiri, fundi vioo, mdogo wake Asmahani, alikuwa amekuja kukirudishia kile kioo. Akatia mkono mfukoni.

"Toa mkono, Sabiri," Saleha akamwambia. "Wino hauumi."

Akautoa taratibu. Kovu lile pale, la kukatwa na kioo.

"Sikuiba, nimeazima," akasema. "Wakwe zangu Pongwe wana harusi. Nilidhani nitairudisha kabla hamjajua."

"Ndiyo maana hukuvunja," Edgar akasema. "Mwizi gani anatoa kioo kwa adabu hivyo?"

Akina mama wakaangua kicheko. Asmahani akajifunika uso kwa mtandio.

"Nisamehe, Saleha."

"Nimekusamehe. Ila mdogo wako ataisugua sufuria, na nazi zote za Maulidi atazikuna yeye."

Jumamosi asubuhi, siku ya Maulidi, Sabiri alikuwa juu ya mbuzi, jasho likimtiririka, nazi arobaini mbele yake. Saleha akapita na mwiko wake.

"Kuna, baba, kuna. Vidole vikiisha kama vyangu, hata Edgar hatakutambua."