Sinki la Mashua ya Mwalimu Arafa

Sidonia alikuwa na miaka kumi na mitano ya ufundi bomba, na ofisi kadhaa za serikali kule Mtumba zilipata maji kwa mikono yake. Ila siku Mwalimu Arafa alipomwita nyumbani kwake Ipagala, alisimama getini kashika kiuno. Uani, juu ya magogo, ilikaa mashua ya tanga.

"Shikamoo, Mwalimu. Hii itaelea wapi?"

"Marahaba. Bwawa la Mtera. Nimefundisha fizikia mpaka nimestaafu, sasa na mimi niifaidi. Niwekee sinki."

Sidonia alipanda, akaingia kwenye kijumba cha mashua, akapima. Sinki angeliweka chini, ubavuni kushoto. Angetoboa tumbo la mashua, apitishe mpira wa maji, maji machafu yaende zake. Akaweka alama kwa chaki.

"Ya sinki yatatoka," Mwalimu akasema. "Ya bwawa je, yatazuiwa na nini yasiingie?"

Sidonia akaitazama alama yake. Maji aliyoyajua yeye yalikuwa yakishuka tu, kutoka tangini hadi shimoni.

Akaomba beseni la maji. Akatoboa kitako cha kopo la rangi, akalikandamiza ndani ya beseni. Maji yakapanda ndani ya kopo mpaka usawa wa yale ya nje, yakasimama. Akaliinamisha, mdomo ukazama upande mmoja, kopo likajaa.

"Kumbe ubavuni siyo," akasema taratibu. "Tanga likiilaza mashua, sinki litakuwa chini ya usawa wa bwawa."

Sidonia akafuta chaki, akalileta sinki katikati, akalipandisha juu. Pale mpira ulipopita kwenye tundu la mashua akafunga koki, na mpira wenyewe akachagua unaoonyesha ndani.

Wiki tatu baadaye, wavuvi wa Mtera waliwasaidia kuishusha mashua majini. Mwalimu akapandisha tanga. Sidonia alikuwa kapiga magoti chini ya sinki. Akafungua koki.

Bwawa likaingia mpirani. Likapanda, likapanda, kisha likatulia shubiri nzima chini ya sinki. Akachungulia dirishani: maji ya nje yalikuwa usawa ule ule.

Mara upepo ukashika tanga. Mashua ikalala kushoto, vikombe vikateleza, naye akaikumbatia nguzo ya kijumba, mkono mmoja kwenye koki. Ubavu ule aliotaka kuuwekea sinki ulikuwa umezama. Lakini ndani ya mpira maji hayakupanda. Mashua nzima imeinama, mpira umeinama, yeye mwenyewe kainama. Uso wa yale maji kidogo ulikuwa umelala sawasawa na bwawa lote, mpaka ng'ambo, upande wa Iringa.

"Vipi huko, fundi?" Mwalimu akaita.

Sidonia aliugusa mpira pale maji yalipoishia. Machozi yalimlengalenga, wala hakuona haya.

Upepo ulipopoa akaosha vikombe, akayatazama maji yakishuka na kutoka. Akaviosha tena. Alipovirudia mara ya tatu, Mwalimu Arafa aliuachia usukani wake ujiendee, akaja kuchuchumaa kando yake, wakatazama wote wawili.