Firigisi Iliyokwenda Kitale

Watu wa Mabanga walijua hivi: ukipita kwa Nekesa bila kuingia, umemkosea; ukiingia ukatoka bila kula, yeye ndiye amekukosea. Kwa hiyo habari kwamba Nekesa ana kuku kumi na wawili bandani na hachinji hata mmoja ilitembea haraka kuliko tangazo la msiba. Shemeji yake wa Cheptais alikuja kusalimia, akapewa maharagwe. Yalikuwa maharagwe mazuri, yenye karoti na dania juu, lakini yalikuwa maharagwe. Shemeji hajafika kwake, Cheptais nzima ishajua.

Kuku hawakuwa wake, na hapo ndipo penye shida. Walikuwa wa Wangu, msichana wa Kitale aliyekuwa anasomea digrii yake ya pili kwa kutafiti chakula cha kuku. Mwishoni mwa Januari alileta makoo kumi na wawili, akagawa banda mara mbili kwa waya, akawavisha sita pete nyekundu mguuni na sita pete za bluu. Wote walikula pumba na mahindi yaliyovunjwavunjwa, kipimo kimoja. Tofauti ilikuwa kwamba wale wa nyekundu waliongezewa funza. Funza wenyewe walifugwa kwenye mabeseni nyuma ya jikoni, wakila maganda ya ndizi na makoko ya ugali, wakinenepa kama watu walioenda kwa mjomba likizo. Wangu alitaka kujua kama mfugaji asiyeweza chakula cha dukani anaweza kupata mayai kutokana na maganda yake mwenyewe.

Masharti yalikuwa machache. Kwa miezi sita usichinje, usiuze, usimpe mtu. Na utafiti ukienda vizuri, boma la Nekesa lingekuwa mahali pa kufundishia, wafugaji waje kwa makundi, basi kwa basi, kutoka Bungoma mpaka Trans-Nzoia. Nekesa hakusikia tena kitu baada ya neno basi. Jioni hiyo hiyo alianza kupanga viti vitakaa wapi. Jumapili akawaambia kina mama wa kanisani. Jumatatu hakukuwa na mtu sokoni ambaye hajaambiwa.

Wangu alikuja kila wiki mbili. Alihesabu mayai, akapima kuku kwenye mizani, na akakaa kwenye stuli saa nzima akiwaangalia tu, aandike nani anaoga vumbi, nani anapanda kwenye fito, nani amenyonyoka manyoya. Jirani Nabwile, ambaye ua wa nyumba yake ulikuwa na pengo la kupitia umbea, aliuliza ni nini hasa kinachoandikwa. Akaambiwa wanaangalia kama kuku wana raha.

"Miaka ishirini na mbili niko kwa hii ndoa," Nabwile akasema, "na hakuna mtu amewahi kuja na kitabu kuniuliza."

Mambo yalienda hivyo mpaka Aprili, shule zilipofungwa na Jotham, mume wa Nekesa, akastaafu na kurudi nyumbani moja kwa moja. Jotham alikuwa amepika kwenye shule ya bweni miaka ishirini na nane. Alikuwa mtu mpole wa maneno machache, lakini kwa mwiko alikuwa hakimu. Mtoto wa chifu alipata kijiko kimoja cha maharagwe, na mtoto asiyekuwa na viatu akapata kijiko kile kile, kimejaa sawa. Alipoelezwa habari ya nyekundu na bluu alisimama kwenye waya muda mrefu. Akauliza tu wale wa bluu wamekosa nini.

Sasa ilikuwa katikati ya Juni, Jumanne, na Wangu alikuwa amekaa jikoni na kitabu magotini, chai yake imeota ngozi juu. Nekesa alijua kuna neno. Msichana huyu hakuwa mtu wa kuacha chai ipoe.

"Mama Hillary," Wangu akasema, "wa bluu wanataga sawa na wa nyekundu."

"Si ni vizuri? Mayai yamekuwa mengi."

"Si vizuri, mama. Maana yake ni kwamba funza hawasaidii kitu."

Halafu akamweleza yote. Daktari Kagwe, mkubwa wake kule Kitale, alikuwa ameziona hesabu na angekuja Alhamisi kujionea. Akikuta ni hivyo, utafiti unafungwa. Mabeseni yangepelekwa Kachibora kwa kazi nyingine, na Wangu angeanza masomo yake upya, mwaka mzima umeenda na maji. Alisema yote bila kulia, na hiyo ndiyo ilimuumiza Nekesa zaidi. Nekesa naye akaona mabasi yake yakigeuza pale langoni, moja baada ya lingine, yakirudi barabarani matupu.

Alhamisi alfajiri alikuwa ameshika kisu na kuku wa bluu namba nne.

Alikuwa amelipima hili jambo kichwani siku mbili. Daktari mzima anatoka Kitale, anapita Kiminini na mashimo yake yote, anaingia kwa Nekesa mara ya kwanza maishani, apewe maharagwe? Huko Kitale watasema nini kuhusu watu wa Bungoma? Tena wanakuja kufunga. Kama kitu ni cha kufungwa, basi kifungwe na watu walioshiba. Na akachagua wa bluu kwa sababu wa bluu, kwa maoni yake, ndio walioleta hii shida yote.

Nabwile alipitia pengo la ua kuja kusaidia kunyonyoa. Walikuwa wamefika kwenye porojo za mwanakwaya mmoja na simu yake ya pili wakati Nekesa alipopasua firigisi aioshe. Firigisi ya kuku, ile ambayo huko kwao wanaiita imondo, haichezewi. Ni ya baba mwenye nyumba, na mwanamke anayeiosha vibaya anakumbukwa kwa hilo. Nekesa alikuwa amepasua mamia. Alijua ndani ya kuku wa pumba utakuta nini: vijiwe, vipande vya mahindi, uji wa pumba.

Humu kulikuwa na vijiwe. Halafu kulikuwa na maganda ya funza, ya kahawia, yamejaa pomoni, na funza wawili wazima ambao hata hawakuwa wamesagika.

Nabwile aliangalia firigisi, akaangalia pete ya bluu iliyokuwa mezani. "Huyu si alikuwa wa pumba tupu?"

Nekesa alitoka nje na mikono yenye manyoya, akamkuta Jotham anafagia uwanja, koti la kanisani tayari mwilini. Hakupaza sauti. Alimwuliza tu ni tangu lini.

Jotham aliegemeza ufagio ukutani, polepole, kama mtu anayeweka mtoto chini. "Tangu wiki ile nilirudi," akasema. "Kila jioni. Konzi moja moja tu. Mama Hillary, miaka ishirini na nane sijawahi kupita na sufuria mbele ya mtu ananiangalia."

Nekesa akataka kukasirika, na hasira ikaja nusu tu, ikarudi. Ni mume gani angegombezwa kwa hili, na kwa maneno gani? Lakini sasa alikuwa na jambo mkononi na hakujua aliweke wapi. Nabwile, aliyekuwa amemfuata mpaka mlangoni ili asipitwe, alikuwa na ushauri tayari: mwaga hayo maganda shimoni, osha imondo, pika, nyamaza. Ukisema, utakuwa umejianika mara mbili. Umechinja kuku wa watu, na mume wako ameharibu masomo ya mtoto wa watu. Na hiyo itafika Cheptais bana, hata kabla ya chakula cha mchana.

Ilikuwa kweli. Na ukinyamaza, Nekesa akawaza, funza wanapelekwa Kachibora wakiwa wamesingiziwa, na yule msichana anaanza upya kwa kosa ambalo si lake. Alikuwa bado anawaza hivyo gari lilipopiga honi langoni.

Daktari Kagwe alikuwa mzee mrefu mwenye mvi, aliyevaa gambuti akiwa bado garini. Alisalimia kila mtu kwa mkono, Nabwile mara mbili kwa sababu alijipanga tena, akakataa chai kwanza na kwenda moja kwa moja bandani. Wangu alimfuata na kitabu chake. Daktari aliinama, akatazama miguu ya kuku, akahesabu, akahesabu tena.

"Wa bluu ni watano," akasema.

Wangu aligeuka haraka. Jotham aliangalia viatu vyake. Nekesa alisikia ulimi wake ukitembea wenyewe.

"Wa sita yuko jikoni, Daktari. Ngoja nikuletee."

Akarudi na bakuli. Ndani ya bakuli kulikuwa na firigisi mbichi iliyopasuliwa, haijaoshwa, na maganda yake yote. Watu wamewahi kupokelewa kwa namna nyingi pale Mabanga, lakini mgeni kukabidhiwa imondo chafu akiwa amesimama bandani, hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Daktari alivaa miwani. Alichokonoa kwa kijiti cha ufagio. Kisha akavua miwani akauliza, kwa upole sana, nani amewapa kuku wa bluu funza.

"Ni mimi," Nekesa akasema. "Niliwaonea huruma."

"Usimdanganye mgeni, Mama Hillary." Jotham alikuwa amesogea mbele, mikono nyuma, kama siku zile mkaguzi akiingia jikoni kwake. "Ni mimi, Daktari. Yeye hakujua mpaka leo asubuhi. Nimegawa kila jioni, na sikupendelea mtu."

Nekesa alikuwa anamwangalia Wangu, akisubiri machozi ambayo hayakuja Jumanne yaje sasa. Badala yake Wangu alikuwa anafunua kitabu, kurasa za nyuma, za nyuma zaidi.

"Baba, ulirudi nyumbani lini?"

"Shule zilipofungwa. Ile Jumamosi ya kwanza ya Aprili."

Wangu aliweka kidole kwenye ukurasa, akakishusha, akafunua mwingine. Wiki zote kabla ya Jumamosi ile, kuku sita wa bluu walikuwa wanataga mayai mawili kwa siku, wakijitahidi matatu. Wiki ya pili baada ya mzee kurudi, matatu. Mwishoni mwa mwezi, manne, sawasawa na wa nyekundu, na mmoja aliyekuwa amenyonyoka mgongo akaota manyoya. Alimpa Daktari kitabu, kidole kikiwa bado pale.

Daktari alisoma amesimama, bakuli mkono mmoja, kitabu mkono mwingine. Mwishowe akasema kwamba haya hayawezi kuandikwa kama yalivyo. Kuku wameshachanganyiwa chakula, na mtu yeyote makini atauliza maswali. "Lakini hatuwezi pia kusema funza hawasaidii," akasema. "Mzee, umetuharibia utafiti, halafu umetuonyesha jibu. Sasa turudie, ndio tuwe na haki ya kulisema."

Wangu akaketi kwenye ile stuli yake, na sasa ndipo machozi yakaja, pamoja na kicheko, na Nekesa akampa kona ya leso yake afute vyote viwili.

Masharti mapya yalipangwa pale pale. Miezi miwili zaidi. Mabeseni hayaendi Kachibora. Jotham ndiye atakayewapimia wa nyekundu, kwa kuwa hakuna mkono ulio sawa kama wake, na kuku wapya wa bluu watakaa mahali ambapo hatawaona. Daktari alitazama huku na huku, akaona pengo la ua, akauliza ng'ambo ni kwa nani.

Nabwile, ambaye tangu asubuhi alikuwa amefurahia kila dakika, aliacha kufurahia. "Kwangu? Na kuchinja je?"

"Hakuna kuchinja, mama. Wala kuuza, wala kumpa mtu."

"Na wageni wangu?"

"Maharagwe," Nekesa akamwambia. "Weka karoti."

Jotham alikuwa na neno moja la mwisho. Alitaka kujua, miezi miwili ikiisha, wale wa bluu watapata funza au watabaki hivyo. Daktari akamwambia watapata, wote. Jotham akasema basi iandikwe. Wangu akadhani ni mzaha, lakini mzee alisimama pale akingojea mpaka kalamu ikatoka na neno likaandikwa, ndipo akaenda kunawa mikono.

Wakala. Daktari alikula paja, akaongeza mchuzi, akaongeza ugali, akauliza kama wageni wote hapa hulishwa hivi. Nekesa akamwambia kwa basi zima ataanza kupika mapema kidogo. Daktari alicheka, lakini hakukataa, na Nekesa alilisikia hilo la kutokukataa zaidi kuliko kicheko.

Ni Jotham tu aliyekuwa akigeuzageuza sahani yake. Alikuwa amepewa shingo. Firigisi, haki yake kama baba mwenye nyumba, ilikuwa ndani ya chupa ya jemu yenye spiriti, imefungwa vizuri, kwenye kiti cha mbele cha gari la Kitale.

Jumamosi Wangu alipiga simu. Imefika salama, akasema, iko kwenye rafu, imebandikwa karatasi: Bluu namba nne, Mabanga. Nekesa akampitishia mumewe ujumbe.

Jotham alifikiri kidogo. "Mwambie waongeze hapo," akasema, "kwamba ilikuwa yangu."