Upenyo wa Kaunta

Kama kuna binadamu aliyezaliwa bila breki, basi ni mwanamke huyu ambaye mtaa mzima ulimwita Chapuchapu. Chai alikunywa amesimama. Simu alizungumza huku anafagia. Na tangu auze cherehani yake ili afungue baa, mambo yalizidi, maana kila alipokaa kitini miguu ilianza yenyewe kukanyaga sakafu, mbele nyuma, mbele nyuma, kana kwamba kuna gauni la mtu bado linasubiri pindo.

"Unashona nini huko chini, wifi?" aliuliza dada wa mumewe asubuhi hiyo ya Ijumaa. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, aliyekuja kusaidia kufuta glasi, ingawa mpaka saa tatu alikuwa amefuta mbili.

"Nashona baa," alijibu Chapuchapu, akainuka kwenda kunyoosha kiti kilichokuwa kimenyooka.

Hakusema uongo. Baa yenyewe ilikuwa sebule ya nyumba yao, iliyotazama barabara, mahali ambapo watu wanaotoka kazini hupita na makoo makavu. Mitumba ilikuwa imeua ushonaji, nani tena anashonesha? Alidhani baa ni friji, viti na kibao cha rangi nje. Loo! Bwana afya alikuja mara ya kwanza akasema choo kimoja hakitoshi, wanawake wapate chao. Kikajengwa, na pesa ya cherehani ikaingia humo yote. Akaja mara ya pili akatazama juu, akasema dari. Dari ikapigwa, na shamba dogo aliloachiwa na mama yake likaenda na dari. Leo saa nane mchana angekuja mara ya tatu na ya mwisho. Akitia saini, leseni ipo. Asipotia, faili linarudi mwanzo, ada zinalipwa upya, miezi sita. Na Chapuchapu, kwa zile haraka zake, alikwisha kuutangazia mtaa kwamba kesho Jumamosi milango iko wazi, na bia alikwisha kuziagiza. Maji ukishayavulia nguo utafanyaje? Utayaoga.

Kilichobaki ni kaunta, na kaunta ilikuwa kazi ya mumewe.

Huyo walimwita Fundi, maana alijenga nusu ya nyumba za mtaa ule. Nusu nyingine angeijenga kama si pombe. Siku hizo Fundi alikunywa mpaka akaanguka kutoka jukwaa la ujenzi na kuvunja mbavu, akapona, akaendelea. Siku moja Chapuchapu alirudi sokoni mchana kweupe akakuta nyumba haina mlango. Mume wake alikuwa ameung'oa, na bawaba zake, akauuza kwa watu wawili wenye mkokoteni. Wiki tatu walilala cherehani ikiwa imesukumwa pale penye mlango, ndiyo ilinde watoto. Baada ya hapo Fundi aliacha. Hakuapa, hakutangaza, aliacha tu, na sasa ulikuwa mwaka wa saba.

Ndiyo maana wazo la baa lilipokuja, Chapuchapu hakulizungusha sana. "Baba watoto, wewe si ulishaacha? Wewe ni chuma," alimwambia. Fundi akatazama mikono yake kidogo, akasema sawa. Aliomba jambo moja tu: kaunta aijenge mwenyewe, na mtu asimsimamie. Akatundika turubai katikati ya sebule, akafanya kazi nyuma yake siku tisa. Siku ya pili alimfuata mkewe jikoni na tepu, akampima nyonga, kisha akampima kifua kwa ubavu.

"Unanipimia gauni au sanda?" Chapuchapu alimuuliza, na mikono yake ina sabuni.

"Simama bwana, unachezacheza tu," alisema Fundi, akaandika namba kwenye kiganja, akaondoka.

Turubai liliteremshwa Alhamisi jioni. Kaunta ya matofali, juu vigae vya kahawia, na kutoka kwenye vigae hadi darini nondo zilizochomelewa, na kidirisha kimoja cha kupitishia chupa. Nzuri mpaka watu walisimama njiani kutazama. Kazi ya Fundi ilikuwa kazi.

Sasa gari la bia lilifika saa nne. Dereva, mtu wa misuli na maneno mengi, alibeba kreti ya kwanza, akaenda nayo moja kwa moja kwenye upenyo wa kuingilia nyuma ya kaunta, na kreti ikagonga tofali huku na huku. Akaigeuza kwa upana. Ikagoma. Akaisimamisha, chupa zikalia.

"Mama, huku wanapita watu au wanapita paka?" aliuliza.

Chapuchapu akapita kuonyesha kwamba panapitika. Alipita sawasawa, bila hata kugusa. Wifi akajaribu, akaishia bega moja. "Mimi nimezaliwa kuwa mteja," alisema, akarudi kinyumenyume huku anacheka peke yake.

Chapuchapu hakucheka. Kichwa kilimwanga. Aliacha kreti zimepangwa katikati ya sebule, dereva akaenda zake, naye akatoka uani kama mshale. Fundi alikuwa huko, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaosha mwiko wake wa kazi.

"Miaka thelathini ya ujenzi! Thelathini! Umeshindwa kupima mahali pa kupita kreti? Bwana afya anakuja saa nane, baba watoto! Lete nyundo."

"Nyundo sijui iko wapi."

"Hujui iko wapi? Wewe ambaye unalala na nyundo kuliko unavyolala na mimi?"

Akaingia stoo akapekua. Akapekua chini ya kitanda. Akatoka mbio barabarani kuazima kwa jirani, jirani hayupo, akaenda kwa wa pili, akarudi na kinyundo cha kupigia misumari, jasho linamtoka, na wifi akamshika mkono mlangoni.

"Hebu pumua. Umemwona kaka yangu vizuri leo?"

"Nimwone nini? Si yule pale!"

"Unasema yeye ni chuma. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, wifi. Nenda kamtazame."

Akaenda kumtazama, kwa hasira, lakini akaenda. Fundi alikuwa palepale juu ya ndoo. Mwiko alioosha tangu saa nne ulikuwa unang'aa, na bado anauosha. Tangu bia zishushwe hakuwa ametia mguu ndani, hata chai yake alipelekewa akainywa uani kwenye jua. Na maji ya kwenye beseni yalikuwa yanatikisika, kwa sababu mikono iliyokuwamo ilikuwa inatikisika.

Roho ya Chapuchapu ikashtuka. Alikuwa mshonaji, jamani. Maisha yake yote alijua kwamba mtu hapimwi bure. Ukimpima mtu, kitu kinakatwa kwa mwili wake.

"Ulinipima mimi," alisema.

"Ndiyo."

"Ili nipite mimi."

"Wewe upite. Mimi nisipite." Fundi hakuinua uso. "Nilijaribu kabla simenti haijakauka. Nilivuta pumzi, sikupita. Nikavua shati. Nikajipaka sabuni, mama watoto, kifua chote, nikajisukuma mpaka nikachubuka. Mlevi ni mjanja. Ilibidi nijaribu kama ambavyo yeye angejaribu." Akafungua vifungo viwili, na pale ubavuni kulikuwa na mkwaruzo mrefu uliokuwa unaanza kuota gamba.

"Si ungesema tukaweka kufuli!"

"Kufuli? Mimi niliyeuza mlango na bawaba zake?"

Chapuchapu akakaa chini, juu ya ardhi hivyohivyo. Alitaka kumpiga na alitaka kumkumbatia, na vyote viwili vilimjia kwa pamoja. "Mdomo wako ulikuwa wapi siku zote hizi?"

"Ningesema, ungeacha. Halafu ungenilaumu mpaka kaburini."

Hilo hakuweza kulikataa. Akainuka, akajipangusa, na kwa vile yeye ni yeye, dakika hiyohiyo alikwisha kupata njia: kreti zitabaki nje ya kaunta, chupa zitapitishwa moja moja kwenye kidirisha, yeye ndani, wifi nje. Mpaka saa saba na nusu friji, iliyowekwa humo kabla kaunta haijajengwa, ilikuwa imejaa, glasi zinang'aa, na miguu yake ilikuwa inakanyaga sakafu hata akiwa amesimama.

Bwana afya alifika saa nane kamili. Alikuwa mtu mpole, mwenye kitambi na kalamu mbili mfukoni, asiyekunywa hata soda ya mtu anapokuwa kazini. Aliomba bomba la ndani ya kaunta lifunguliwe, maji yakatoka. Alikagua choo, akaitikia kwa kichwa. Alitazama dari, akatabasamu. Kila alipoweka alama ya vyema kwenye karatasi, moyo wa Chapuchapu ulipanda ngazi moja. Kisha akaenda kwenye upenyo ili akague nyuma ya kaunta, kitambi kikakataa.

Akarudi nyuma. Akatoa tepu yake mwenyewe, akapima.

"Mama, hapa pembamba mno. Moto ukiwaka, mtu atatokaje?"

"Mimi natoka, bwana afya. Tazama!" Akaingia, akatoka. Akaingia tena, akatoka.

"Nakuona. Ila leseni haitolewi kwa kiuno chako. Kesho utamwajiri mwingine." Akatazama saa. "Sikiliza, sipendi kukurudisha mwanzo, umehangaika sana. Toa tofali tatu hapa upande huu, ninasubiri. Nusu saa, natia saini."

Wifi akaweka glasi mezani polepole.

Fundi alikuwa amesikia. Aliingia kwa mlango wa uani, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akipita kando ya kreti na uso ameugeuzia ukutani. Mkononi ana nyundo, ile yake kubwa aliyosema hajui iliko. Akaiweka juu ya vigae mbele ya mkewe.

"Vunja," alisema. "Ni tofali tatu tu. Nitajikaza."

Chapuchapu akaishika. Ilikuwa nzito, na mpini ulikuwa na joto la kiganja cha mumewe. Aliinua, kweli aliinua, maana macho yake yaliona shamba la mama yake, yaliona cherehani ikitoka mlangoni juu ya kichwa cha mtu, yaliona aibu ya kesho asubuhi watu watakapokuja na kukuta pamefungwa. Kipigo kimoja tu. Kisha akakumbuka usiku wa zile wiki tatu, upepo ukiingia pembeni mwa cherehani, na mtoto wa mwisho akiuliza baba ataleta lini mlango. Leo, hata hiyo cherehani ya kuzibia hakuwa nayo.

Akashusha nyundo.

"Haivunjwi," alisema.

"Mama, unaelewa kwamba faili..."

"Naelewa, bwana afya. Andika. Haivunjwi."

Bwana afya akaandika. Alipoondoka aliwapa mkono wote watatu, kama mtu anayetoka msibani. Saa kumi dereva alirudi kuchukua kreti na bia zote za kwenye friji, akachukua na sehemu ya malipo kama faini, na safari hii hakuwa na mzaha. Wifi akaenda nyumbani kwake akifuta macho kwa kanga, huku anasema ni vumbi.

Wakabaki wawili. Chapuchapu alikuwa ndani ya kaunta, amekaa kwenye kistuli, nyuma ya nondo, rafu tupu mgongoni. Fundi akaja akasimama mbele ya kidirisha.

"Nitakulaumu tu," Chapuchapu akamwambia. "Usidhani sitakulaumu. Kesho nitaamka nikiona hii sebule nitakulaumu, na keshokutwa."

"Najua."

"Miaka mingine saba."

"Hata kumi."

Nje watu walikuwa wanatoka kazini, nyayo nyingi, mmoja akasimama kusoma kibao, akaendelea. Fundi akaegemeza kiwiko juu ya vigae vyake mwenyewe, vizuri, kama mteja.

"Mnauza nini hapa?" aliuliza.

"Sijui bado. Unataka nini?"

"Maji."

Chapuchapu akachukua glasi, akajaza bombani, akaipitisha kwenye kidirisha. Mume wake akainywa yote kwa pumzi moja, akairudisha. Akajaziwa nyingine. Ilipofika glasi ya tatu ndipo Chapuchapu alipogundua kwamba miguu yake, kule chini, ilikuwa imetulia.